Alama ya Kidole Gumba

Hakuna mwanamke wa kijiji cha Haneti aliyejua kumlisha mzazi aliyetoka kujifungua kama Ruthu, mjane wa Bartolomayo, na hakuna aliyelijua hilo kuliko Ruthu mwenyewe. Wake wa wanawe wakubwa walitoka mikononi mwake wakiwa na mashavu yanayong'aa, hata majirani wakawa wanawasindikiza wajawazito wao hadi mlangoni pake kuomba shauri. Kwa hiyo Gerson, kitindamimba wake, alipomleta mkewe Anitha kutoka Dodoma mjini, kitovu cha mtoto kikiwa bado hakijakauka vema, Ruthu alimtazama binti yule tangu utosini hadi unyayoni, kisha akatikisa kichwa.

"Mmekuwa mkimlisha nini huko, karatasi?"

"Chipsi, mama," akajibu Gerson huku akicheka. "Chipsi na mayai."

"Ndiyo maana. Mwache hapa. Siku utakayokuja kumchukua, uje na gari lenye mlango mpana."

Anitha naye akacheka. Alikuwa karani katika ofisi moja ya serikali, mwembamba, mwenye sauti ya upole, na mama yake mzazi alikwisha kufariki tangu yeye akiwa sekondari. Hakuwa na mahali pengine pa kulelewa uzazi wake wa kwanza. Siku ile aliweza bado kucheka mpaka mwisho wa kicheko bila kukatishwa na pumzi.

Ruthu akaanza kazi yake. Alfajiri, uji mzito wa uwele uliotiwa samli. Jua likipanda, mchuzi wa mbuzi. Mchana, ugali na mlenda uliolainishwa kwa magadi. Jioni, mchuzi tena. Na katika kila chungu alitia chumvi. Si ile nyeupe ya dukani, aliyoiita vumbi la barabarani, bali chumvi ya kijivu iliyoletwa kutoka Bahi, inayochemshwa kutokana na udongo wa mbugani. Hiyo, alisema, ndiyo inayorudisha damu iliyomwagika. Mzazi akisukuma bakuli kando, Ruthu hulirudisha mbele yake bila neno, akaketi, akamtazama mpaka liwe tupu.

Katika ukoo wa Ruthu kulikuwa na kipimo cha kazi hiyo, alichokirithi kwa bibi yake. Mgeni aliyekuja kumwona mzazi hakuridhika na kutazama mashavu, maana mashavu hudanganya. Huinama, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo cha mguu, kisha akakiondoa. Mguu wenye njaa hukirudisha kidole papo hapo. Mguu ulioshiba huitunza alama, kama unga uliokandwa. Alama ikibaki, mgeni hupiga kigelegele, na wote walio uani hujua kwamba katika nyumba ile mzazi ameshiba.

Wa kwanza kubonyeza alikuwa Cecilia, dada wa marehemu Bartolomayo, mwanamke mwenye ulimi usiojua Jumapili wala Jumatatu. Alama ilikuwa ndogo, kikombe cha kutosha tone moja la maji, lakini ilibaki.

"Wifi, mikono yako haijazeeka!" akasema Cecilia baada ya kigelegele. "Gerson akija hatamtambua mkewe. Atamwamkia shikamoo, akidhani ni mama mkwe aliyefufuka."

"Aliyefufuka hajambo," akasema Anitha, akitabasamu, akiufunika mguu wake kwa kitenge.

Wote wakacheka. Ruthu peke yake hakucheka. Alikuwa akikitazama kile kikombe kidogo katika ngozi kabla hakijafunikwa, na kitu fulani kilimpitia mgongoni, baridi kama upepo wa kipupwe upitao chini ya mlango. Alikwisha kuiona alama ya namna ile mahali fulani, na hapakuwa na kigelegele. Akainuka upesi kwenda kuchochea moto.

Juma lililofuata pete ya ndoa ilimbana Anitha ikabidi itolewe kwa sabuni. Viatu alivyokuja navyo havikumwingia tena. Kila kilichokataa kumtosha kilihesabiwa kuwa ni sifa ya Ruthu, na Ruthu aliipokea sifa ile, lakini usingizi wake ukawa mwepesi. Aliona kwamba binti akitoka chooni nyuma ya nyumba husimama njiani, akashika ukuta kama mtu aliyepanda kilima. Aliona kwamba sentensi zake zimekuwa fupi. Kisha kikaja kikohozi kikavu, kisichokuwa na mafua. Kisha Anitha akaomba mto wa pili.

Asubuhi moja Ruthu aliingia na uji akamkuta ameketi kitandani, mtoto akiwa mapajani. Alikuwa ameliburuta gunia la uwele wa mbegu kutoka pembeni, akaliegemea kwa mgongo. Dirisha lilikuwa wazi, upepo wa Julai ukipuliza pazia.

"Utamuua mtoto kwa baridi," akasema Ruthu, akifunga dirisha.

"Nisamehe, mama. Nilitaka hewa. Nikilala chali ninakuwa kama mtu aliyetumbukizwa katika pipa la maji."

"Ni maziwa hayo. Maziwa yakipanda hubana kifua."

Anitha akavuta pumzi. "Mama, kliniki waliniambia kwamba shinikizo la damu lilipanda mwezi wa mwisho. Walitaka nirudi kupimwa mapema baada ya kujifungua. Nilidhani Gerson amekueleza."

"Shinikizo la damu?" Ruthu akaweka bakuli chini. "Huo ni ugonjwa wetu sisi wazee. Mimi ninalo, na vidonge vyangu vile pale dirishani. Wewe una umri gani?"

"Ishirini na saba."

"Basi kunywa uji. Mzazi havuki lango la ua kabla ya arobaini. Ukishatolewa nje, mtakwenda hata Muhimbili mkitaka."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyemaliza mazungumzo. Lakini alipotoka uani, bakuli tupu mkononi, miguu yake ilimpeleka mpaka nyuma ya zizi, mahali pasipo mtu, akasimama pale akilitazama gunia lile kwa macho ya moyo, maana sasa alikwisha kukumbuka.

Tereza alikuwa dada yake mkubwa. Alijifungua mwaka wa mavuno mengi, wakati Ruthu akiwa bado msichana wa kuchota maji, na mama yao akamlisha kwa fahari yote ya ukoo. Wanawake walikuja, wakabonyeza, wakapiga vigelegele. Tereza alinona hata macho yakawa madogo usoni mwake. Na siku za mwisho alikataa kulala kama walalavyo watu; aliketi, mgongo ukutani, mdomo wazi kama ndege katika joto. Asubuhi moja wakamkuta ameketi hivyo hivyo, naye amekwisha kuondoka. Ruthu alitumwa kupeleka maji ya kuoshea maiti. Alipoliweka beseni, mkono wake uligusa mguu wa dada yake, na kwa ujinga wa kitoto akabonyeza kidole gumba, kama alivyowaona wakubwa wakifanya. Shimo likabaki. Alingoja lirudi. Halikurudi.

"Ameuawa kwa jicho," ndivyo alivyosema mama yao. "Mtu aliyenona hivi haondoki bure. Kuna aliyemwonea kijicho." Maneno hayo yalipokewa na wote. Tangu hapo waliwachagua wageni kwa makini zaidi. Lakini chungu, chumvi na kidole vikaendelea kama vilivyokuwa. Hakuna aliyeuliza kwa nini mzazi aliyeshiba alilala ameketi.

Ruthu naye hakuuliza. Alirudi jikoni. Mchana ule alitia chumvi pungufu katika mchuzi, kisha akaogopa kwamba damu haitarudi, akaongeza.

Jumapili baada ya ibada wanawake walikuja kwa wingi, maana siku ya kumtoa mzazi nje ilikuwa imekaribia na walitaka kupanga karamu. Walijaa chumbani, togwa ikizungushwa, Cecilia akiwa mbele kama kawaida yake. Anitha alikuwa ameegemea gunia. Uso wake ulikuwa umejaa na kumeremeta, na chini ya mmeremeto huo palikuwa na rangi ya majivu. Alijaribu kuinuka awaamkie wakubwa. Akafika nusu, akarudi chini.

"Shika—" akasema, akavuta pumzi. "Shikamooni."

"Marahaba, marahaba, usisumbuke! Mzigo wa nyama huo hauinuki ovyo," akasema Cecilia. Akainama, akafunua kitenge, akabonyeza. Kidole kikazama mpaka kwenye kucha. Alipokitoa, chumba kizima kililipuka kwa vigelegele.

Ruthu alikuwa amesimama mlangoni. Vigelegele viliisha. Kata ya togwa ikapita, mmoja akaeleza habari za mbuzi wa karamu, mwingine akacheka, kata ikarudi ilikotoka. Na lile shimo bado lilikuwapo, jeusi, kama jicho lisilopepesa katika mguu wa mkwewe. Ruthu akautazama mdomo wa Anitha. Midomo ilikuwa na rangi ya zambarau, kama ya mtu aliyekula matunda ya porini.

"Nyamazeni," akasema.

Hawakumsikia.

"Nyamazeni! Tokeni, mpeni hewa. Ninampeleka mjini."

Cecilia akageuka, kata mkononi. "Mjini wapi? Leo? Wifi, umeingiwa na nini? Mzazi hajatolewa nje!"

"Ninamtoa mimi sasa hivi."

"Ili watu waseme nini? Kwamba Ruthu wa Bartolomayo amemlea mzazi mpaka akaishia hospitali? Jina ulilolijenga maisha yako yote unalibomoa kwa siku moja, tena mbele ya mashahidi!"

"Wifi, ulikuwapo alipokufa dada yangu Tereza?"

"Nilikuwapo. Alikufa kwa jicho, kila mtu anajua."

"Alikufa na mguu huu," akasema Ruthu. "Na mgongo umeegemea hivi hivi. Mimi niliubonyeza akiwa maiti."

Ndipo ikasikika pumzi ya Anitha, fupi, ya juu juu, kama ya mtu anayekimbia angali ameketi.

Halfani, mnunuzi wa alizeti, alikuwa barabarani akifunga turubai juu ya lori lake lenye mzigo wa kupeleka Dodoma. Walimwendea wakikimbia. Alishusha magunia mawili ya mbele bila kuuliza bei wala sababu, na wanaume wakamleta Anitha wakiwa wamembeba kwa blanketi, wakataka kumlaza juu ya turubai.

"Msimlaze!" Ruthu akapaza sauti, na wote wakashtuka, maana mwanamke yule hakuwa na desturi ya kupayuka. "Mkimlaza anakufa. Akae mbele, nami nitamshika."

Akamshika njia nzima, mtoto akiwa mgongoni mwake mwenyewe, huku vilima vikibaki nyuma na nyanda kavu zikifunguka mbele kama kiganja kisicho na kitu. Anitha hakusema neno ila moja, walipokuwa wameanza kuona mabati ya mji.

"Mama, Joshua amenyonya?"

"Atanyonya. Wewe vuta pumzi."

Gerson, aliyekwisha kupigiwa simu, aliwakuta mlangoni mwa hospitali. Daktari aliyempokea Anitha alikuwa msichana ambaye Ruthu angeweza kumtuma sokoni; aliitwa Debora, na kabla ya yote aliinama akasema, "Shikamoo, bibi." Alimwekea Anitha hewa ya mtungi, akasikiliza kifua mbele na nyuma. Kisha akafanya jambo lililomfanya Ruthu asogee karibu. Alifunua mguu wa Anitha, akaweka kidole gumba chake juu kidogo ya kifundo, akabonyeza, akakiondoa, akatazama.

Hakupiga kigelegele.

"Amevimba tangu lini?"

"Kuvimba?" Ruthu akalirudia neno lile kama mtu anayeonja dawa. "Hakuna aliyesema amevimba, mwanangu. Sisi tulisema amenona."

Daktari hakumcheka. Mpaka vipimo vilipokwisha, na picha ya moyo ikawa imepigwa, ndipo alipowaketisha mama na mwana kwenye benchi.

"Moyo wake umetanuka na kulegea," akasema. "Hausukumi damu inavyopasa, kwa hiyo maji yanarudi nyuma: miguuni, tumboni, na zaidi kwenye mapafu. Ndiyo maana hawezi kulala chali."

"Lakini ana miaka ishirini na saba!" akasema Gerson. "Moyo kushindwa si ugonjwa wa wazee?"

"Watu wengi wanadhani hivyo, na ndiyo sababu wanatufikia wamechelewa. Wodini humu yupo kijana ambaye koo lilimuuma utotoni mara kwa mara, halikutibiwa, likamwachia vali mbovu. Yupo mwingine aliyekuwa na shinikizo la damu miaka mingi bila kulijua. Wengine ni pombe. Huyu wenu ni ule unaowapata baadhi ya wanawake mwishoni mwa ujauzito au katika miezi ya kwanza ya uzazi. Chanzo chake hatukijui chote. Ila shinikizo la damu la ujauzito huongeza hatari, na yeye alikuwa nalo. Kliniki walisema arudi, sivyo?"

Gerson akainamisha kichwa. "Walisema. Niliona mama atamlea vizuri zaidi."

Maneno yale yalimwingia Ruthu kuliko ambavyo lawama ingemwingia. Akauliza alichokuwa akikiogopa tangu Haneti.

"Na chumvi yangu, daktari? Na magadi?"

"Chumvi yako haikuleta ugonjwa huu, bibi, usiondoke hapa na wazo hilo. Lakini moyo ulikuwa ukizama, na chumvi huyazuia maji mwilini. Ilimwongezea maji mtu anayezama."

"Atapona?"

Debora akafunga jalada alilokuwa nalo. "Wapo wanaopona kabisa. Wapo wanaobaki na moyo dhaifu maisha yao yote, na hao ujauzito mwingine ni hatari kubwa kwao. Na wapo…" Akamtazama Joshua aliyekuwa amelala begani mwa baba yake. "Tuzione kwanza siku hizi za mwanzo."

Ruthu hakurudi Haneti. Alihamia chumba cha Gerson mjini, na kila asubuhi alikwenda wodini na chupa ya uji usio na chumvi, ambao kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliuonja akaona aibu kuupeleka. Dawa za kutoa maji zilifanya kazi. Uso wa Anitha ukapungua, mifupa ya miguu ikajitokeza, pete ikarudi kidoleni na kuchezacheza. Mito mitatu ikawa miwili. Miwili ikawa mmoja. Ruthu alianza kuimba tena anapokosha vyombo, taratibu, kama mtu anayemnyatia ndege asiruke.

Cecilia akaja na wanawake wengine wawili, wamevaa nguo za kanisani. Alisimama miguuni pa kitanda, akashika kiuno.

"Wifi! Umemkondesha mtoto wa watu! Nitakwenda kuwaambia nini Haneti?"

"Waambie waje wajionee."

"Nimeona! Ni mifupa na macho!" Akafunua shuka, akabonyeza kidole gumba kwa nguvu zote za ukaidi wake. Ngozi ikarudi papo hapo, laini, bila alama. Cecilia akakitazama kidole chake kana kwamba ndicho kilichoharibika.

"Shangazi," akasema Anitha, "hiyo ni miguu niliyotoka nayo kwetu. Ile mingine niliazimwa."

Wanawake wakaangua kicheko, na Anitha akacheka pamoja nao, akacheka mpaka mwisho. Ruthu alikisikiliza kicheko kile kama mkulima anavyosikiliza ngurumo za kwanza za Novemba. Hata Cecilia akakubali kuketi, akamkalisha Joshua mapajani, akamwambia kwamba bibi yake ni mkaidi kama punda wa Kibakwe, lakini punda yule alijua njia.

Walipoondoka, jua lilikuwa limehamia dirisha la upande wa pili. Gerson alikuwa amemchukua mtoto nje. Ruthu alikuwa akikunja kitenge cha mtoto.

"Mama."

"Naam, mwanangu."

"Mto mwingine uko wapi?"

Mikono ya Ruthu ikasimama. "Unautaka kwa ajili ya mtoto?"

"Hapana. Ni mimi. Nikilala hivi…" Hakuimaliza sentensi.

Ruthu akakaribia. Akafunua shuka, akabonyeza kidole gumba juu kidogo ya kifundo, pale pale alipobonyeza Cecilia. Mguu ukakirudisha kidole. Mguu ulikuwa mkavu, mwembamba, mzuri. Mguu haukuwa na habari yoyote ya kumpa. Basi akauacha mguu, akautazama mdomo: rangi ya zambarau ilikuwa imerudi.

Hakwenda kutafuta mto. Alipanda kitandani na viatu vyake, akaketi nyuma ya Anitha, akamwinua, akamwegemeza kifuani pake kama alivyoegemea gunia la uwele, na pale alipo, kwa sauti ambayo Haneti iliisikia mara moja tu, akaita kuelekea ukumbini.

"Nesi! Nesi, njooni! Amerudi kulala ameketi!"

Ukumbini hapakusikika hatua bado. Akaita tena. Na alipokuwa akivuta pumzi aite mara nyingine, aliusikia mgongo wa binti yule ukiwa umelala juu ya kifua chake, na ndani ya mgongo ule, mbali, sauti ambayo masikio yake yalikuwa yakiijua kuliko sauti zote duniani: ya chungu kilichojazwa maji, kinachoanza taratibu kuchemka.